Bomba la Uchochoroni

Nyumbani kwa kina Harju, kila mtu alijua kazi yake ya asubuhi wakati wa baridi. Baba, dereva wa greda ya kaunti ya kusukuma theluji barabarani, aliondoka saa tisa usiku. Mama, mpishi wa hospitali, aliondoka saa kumi na moja na nusu. Nyumbani walibaki wawili, Lempi na babu yake, na theluji yote iliyoanguka usiku ilikuwa ya Lempi.

Lempi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mpaka mwaka uliotangulia kazi hiyo ilikuwa ya babu, Mzee Reino. Lakini mwezi wa Oktoba alipasuliwa moyo, na daktari akamwambia wazi kwamba akishika beleshi tena asimlaumu mtu. Hakuna aliyebisha. Katika mji wa Calumet kila familia inamjua mzee fulani aliyetoka asubuhi kusafisha njia ya gari na hakurudi ndani kwa miguu yake.

Kwa hiyo babu alikaa dirishani jikoni na kikombe cha kahawa na kipande cha mkate wa iliki, akawa msimamizi. Aliongoza kazi kwa kugonga kioo na kijiko. Pigo moja lilimaanisha umeruka mahali, rudi. Mapigo mawili yalimaanisha vizuri, endelea. Akigonga mfululizo, Lempi alijua kwamba beleshi limekaribia kukwaruza gari.

Alianza na ngazi za baraza. Kisha njia ya gari, kwa beleshi kubwa la kusukuma, pana kama karai la fundi wa zege. Kisha tuta la theluji ngumu ambalo greda huliacha mdomoni mwa kila njia ya gari inapopita. Tuta hilo aliliacha baba yake mwenyewe. Mama alikuwa akisema kwamba hajaona mwanamume mwingine anayelipwa mshahara wa serikali kuwafungia wanawe ndani. Baada ya tuta lilifuata paa. Lempi alichukua reki yenye mpini wa mita sita, akasimama chini na kuivuta theluji ya paa kabla haijawa nzito na kuvunja mbao.

La mwisho lilikuwa bomba.

Bomba lenyewe lilikuwa kitu kidogo, la plastiki nyeupe, lililochomoza ukutani kimo cha kiuno. Lilitoa nje moshi wa tanuri la gesi lililokuwa katika chumba cha chini kuipasha nyumba joto. Lakini lilitokeza upande wa uchochoro, kati ya nyumba yao na ya Mzee Pelto, na theluji ya paa iliangukia humohumo. Mtu akivuta theluji ya paa, lazima afukue bomba. Likizibwa, moshi hauna pa kwenda ila kurudi ndani, na ndani ya moshi huo mna gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Matanuri mengi ya siku hizi hujizima bomba likiziba. La kina Harju lilikuwa na miaka karibu thelathini, na baba alikwisha kusema kwamba halitegemeki kwa hilo.

Kufukua bomba kungekuwa kazi ya dakika tano kama theluji ingeweza kutupwa upande wa pili wa uchochoro. Haikuwezekana. Huko kwao theluji yako ni yako, na kuitupa kwa jirani ni sawa na kumwagia takataka mlangoni. Miaka miwili nyuma babu alirusha mabeleshi machache upande wa Pelto. Pelto akayarudisha. Babu akayarusha tena. Siku iliyofuata Pelto alipanda mstari wa vijiti vya rangi ya machungwa kutoka barabarani mpaka ua wa nyuma, na tangu hapo wazee hao wawili hawakusalimiana. Babu alikuwa akisema yule mtu anahesabu chembe za theluji moja moja kabla ya kulala. Kwa sababu ya vijiti hivyo, Lempi alilazimika kuisukuma theluji ya uchochoro hadi ua wa nyuma, safari kumi au kumi na mbili.

Akiingia ndani, babu alimuuliza neno moja tu.

“Bomba?”

“Tayari.”

Basi. Babu hakuwa na dirisha upande ule, na hakutoka kwenda kuangalia. Alipandisha joto la nyumba, akajilaza chumbani kwake mpaka saa nne.

Jumanne moja ya Januari theluji ilikuwa imefika mapajani. Lempi aliamka mapema kuliko kawaida, kwa kuwa wasiwasi haukumruhusu kulala. Alikuwa ameshachelewa shule mara mbili mwezi huo. Kocha wa hoki ya barafuni alikuwa na sheria yake: mchezaji akichelewa shule mara tatu, mechi ya Jumamosi anaitazama kutoka kwenye benchi. Lempi alikuwa kipa, na Jumamosi walikuwa wanacheza na timu ya Houghton, ambayo iliwafunga mabao saba mwaka uliopita. Alikuwa ameisubiri mechi hiyo tangu majira ya joto.

Alifanya kazi haraka, akitokwa na jasho ndani ya koti. Ngazi zikaisha. Njia ya gari ikaisha. Tuta la baba likampotezea muda mwingi, kwa kuwa lilikuwa na mabonge ya barafu. Alipoanza paa, ilikuwa saa moja na dakika tano, na basi la shule lilipita saa moja na dakika ishirini.

Upande wa uchochoro alivuta reki mara mbili tu. Mara ya tatu theluji yote ya upande ule iliteleza pamoja, bamba zima, ikashuka kwa kishindo kilichotikisa dirisha la Pelto. Uchochoro ulijaa mpaka kifuani pake. Bomba halikuonekana hata ncha.

Lempi alisimama akiitazama ile theluji. Alipiga hesabu. Safari ishirini, labda zaidi, na dakika kumi tu. Akajiambia kwamba tanuri haliwezi kuharibika kwa siku moja. Akajiambia kwamba theluji ni laini, moshi utajipenyezea njia. Akajiambia kwamba akirudi tu saa tisa, hatavua hata buti, ataanza na bomba. Aliegemeza beleshi ukutani, akaingia ndani kuchukua mkoba.

“Bomba?” babu aliuliza, mdomo umejaa mkate.

“Tayari.”

“Umekwenda mbio leo.”

“Nimeanza mapema, babu.”

“Basi nenda, usije ukanyimwa hiyo barafu yako.” Babu akanyoosha mkono na kupandisha joto. Alisema tangu apasuliwe baridi inamwingia mpaka kwenye mishono.

Ndani ya basi Marnie, rafiki yake, alisogea akimpa nafasi. Alimwambia kwa sauti, ili na wengine wasikie, kwamba leo kipa amewahi, hivyo kesho ziwa litakauka. Watu wakacheka. Lempi naye alicheka, lakini alikuwa amegeuka nyuma, akilitazama bomba la tanuri la nyumba ya Pelto likitoa mvuke. Upande wa kwao hakukuwa na mvuke wowote.

Somo la kwanza lilikuwa hesabu. Nje ya dirisha theluji iliendelea kuanguka, taratibu, bila upepo. Mwalimu aliandika ubaoni, Lempi akanakili bila kuelewa. Kila alipotazama nje aliiona ikirundikana juu ya kingo za dirisha, na alijua inarundikana hivyohivyo uchochoroni, juu ya ile aliyoiacha.

Ndipo akakumbuka king'ora.

Walikuwa na king'ora cha gesi, kimening'inizwa ukutani nje ya chumba cha babu. Wiki iliyopita betri yake ilianza kwisha, kikawa kinalia kila dakika kama kifaranga. Babu alivumilia asubuhi moja tu. Akakichomoa, akakitia kwenye droo ya vijiko. Mama alisema atanunua betri, na neno “betri” lilikuwa bado limeandikwa kwenye karatasi mlangoni mwa friji. Lempi alikuwa ameliona asubuhi hiyohiyo alipokuwa akichukua maziwa.

Hakuweza tena kukaa sawasawa kitini.

Saa nne, wakati wa mapumziko, alikwenda ofisini. Karani wa shule, Bi Oja, alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba ambaye aliandika majina ya wachelewaji katika kitabu cha kijani. Lempi aliomba kupiga simu nyumbani. Alipoulizwa kuna nini, alisema amesahau chakula chake cha mchana. Chakula kilikuwa mkobani. Huo ulikuwa uongo wake wa pili siku hiyo, nao ulitoka kwa urahisi zaidi kuliko ule wa kwanza.

Simu iliita mara nyingi. Mara ya tisa babu akapokea.

“Nani?” Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa.

“Mimi, babu. Uko salama?”

Babu alichelewa kujibu. Alisema kichwa kinamgonga. Alisema kahawa imemkaa vibaya tumboni, pengine ni mafua, mama yake ameyaleta kutoka hospitali. Kisha akamwita Irja. Irja alikuwa shangazi yake Lempi, na alikuwa akiishi mji wa mbali, Duluth.

“Ni Lempi, babu.”

“Ndiyo, Lempi. Najilaza kidogo.”

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Babu, toka nje. Maneno matatu tu. Lakini Bi Oja alikuwa ameketi palepale, akimtazama juu ya miwani, na babu angeuliza kwa nini atoke nje, na Lempi angelazimika kusema. Alimwona akilini babu akisikia kwamba ile “tayari” haikuwa kweli. Alisema, “Pole, babu,” akakata simu.

Alitoka hadi kwenye korido. Alitembea hatua chache, akasimama mbele ya makabati ya wanafunzi, buti za wenzake zikidondosha maji sakafuni. Mwaka uliopita wazima moto walikuja shuleni. Mmoja wao, mwenye masharubu, hakufanya mzaha hata mmoja. Aliwaambia kwamba gesi ya tanuri haimwambii mtu kwamba imefika. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, unahisi ni mafua. Unachanganya majina. Unataka kulala. Na aliyelala ndiye tunayemkuta, alisema.

Lempi aligeuka akakimbia. Aliingia ofisini bila kubisha hodi.

“Bi Oja, nimekudanganya. Sikusahau chakula. Babu yangu yuko nyumbani peke yake, na bomba la tanuri limefunikwa na theluji. Mimi ndiye niliyelifunika. Nilimwambia nimelifukua.”

Alidhani atagombezwa. Bi Oja hakumgombeza. Alivua miwani na kuuliza maswali mawili tu: nyumba iko wapi, na kama king'ora cha gesi kipo. Lempi alipojibu kwamba king'ora kiko kwenye droo ya vijiko, Bi Oja alikuwa ameshainua simu. Kwa simu moja aliwapigia wazima moto. Nyingine alimpa Lempi apige nyumbani.

Iliita. Iliita mpaka ikakatika yenyewe. Alipiga tena, ikaita vilevile.

Wazima moto walisema wanakuja, lakini gari lao lilikuwa upande wa pili wa mji kwenye ajali, na barabara ya huko ilikuwa bado haijasukumwa. Walikadiria dakika ishirini na tano. Mama alikuwa hospitalini, mji wa jirani wa Laurium, na gari lake lingehitaji muda huohuo. Baba alikuwa mbali kaskazini na greda yake. Bi Oja aliuliza ni nani jirani wa karibu kabisa.

“Mzee Pelto,” alisema Lempi. “Lakini hawaongei na babu.”

“Ataongea na wewe,” alisema Bi Oja. Akaitafuta namba, akabonyeza, akamkabidhi simu. “Mweleze kama ulivyonieleza mimi. Usipunguze kitu.”

Pelto alipokea haraka. Nyuma yake televisheni ilikuwa inazungumza.

“Mzee Pelto, ni Lempi. Wa hapo jirani.”

“Babu yako anajua kwamba unanipigia?”

“Hajui. Yuko ndani, hapokei simu. Bomba la tanuri limefunikwa na theluji ya paa. Nilimwambia nimelifukua na sikulifukua. Naomba umtoe nje.”

“Mlango gani uko wazi?”

“Wa jikoni. Huwa hatuufungi.”

Simu haikukatwa. Walisikia ikianguka juu ya kitu kigumu, kisha viti vikisukumwa, kisha mlango. Baada ya hapo haikusikika sauti yoyote ila televisheni ya Pelto, ambamo mtu wa utabiri wa hali ya hewa aliendelea kueleza kwa furaha kwamba theluji nyingine inakuja jioni.

Walikaa wakiisikiliza nyumba ya watu isiyo na mtu. Bi Oja aliweka simu mezani katikati yao, sauti ikiwa juu. Mwanafunzi mmoja aliingia kuomba plasta, akafukuzwa kwa mkono. Lempi alitazama saa ya ukutani. Pelto alikuwa na miaka sitini na tisa na goti bovu. Alikuwa akishuka ngazi za baraza lake kwa ubavu, kama kaa. Angelazimika kupita theluji ya mapajani, avuke vile vijiti vyake mwenyewe, apande ngazi, aufungue mlango. Lempi alimfuata kichwani hatua kwa hatua. Kila alipomfikisha mlangoni mwa chumba cha babu, hakuweza kuendelea, akamrudisha mwanzo.

Dakika nne zikapita. Sita. Mtu wa hali ya hewa akamaliza, likaja tangazo la magodoro.

“Kama amekufa?” Lempi aliuliza.

Bi Oja hakusema hajafa. Alimshika mkono tu, mkono wake ukiwa baridi kama wa Lempi.

Dakika ya kumi na moja walisikia mlango, na pumzi za mtu anayehema kama injini. Simu iliinuliwa.

“Yu hai,” alisema Pelto. “Nimemkuta sakafuni, kati ya kitanda na mlango. Nimemburuta kwa blanketi mpaka barazani. Amenitapikia viatu, kisha akaniuliza ninafanya nini kwenye uwanja wake.” Alihema. “Nimefungua milango yote. Sasa nakwenda kulifukua hilo bomba. Mwambie mama yako.”

Lempi alisema asante, akabonyeza namba ya hospitali kumwambia mama.

Alasiri Bi Oja mwenyewe alimpeleka hospitalini. Babu alikuwa kitandani, uso mweupe kama shuka, na kifuniko cha hewa safi usoni. Daktari alikuwa amewaambia kwamba moyo umestahimili, ingawa nusu saa nyingine nyumbani isingemwacha hai. Mama alikuwa amekaa kando yake akiwa bado na aproni ya jikoni, mikono yenye unga. Hakumgombeza Lempi. Alimtazama, akahamisha kiti ili apate nafasi, na kunyamaza kwake kulimchoma Lempi kuliko kelele.

Pelto alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, suruali imelowa mpaka magotini. Alionekana kama mtu anayetaka kuondoka na hajui namna. Babu alikisogeza kile kifuniko.

“Wewe. Ile theluji ya uchochoroni umeitupa wapi?”

“Kwangu,” alisema Pelto. “Ulitaka niisukume mpaka nyuma huku unakufa?”

“Nitaiondoa.”

“Kwa moyo upi, Reino?”

Mabega ya babu yakaanza kutikisika, na mashine ya pembeni ikalia, na muuguzi akaja kuwaambia kwamba mgonjwa asichekeshwe. Pelto akavaa kofia. Akimpita Lempi alimgusa begani kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu kuona kama chuma bado ni cha moto, akaenda zake.

Lempi alisogea kitandani. Alikuwa ameshapanga maneno mengi njiani, lakini alisema machache tu.

“Babu, nilisema tayari, na haikuwa tayari. Nilitaka kuwahi basi. Hata ulipopokea simu yangu sikukuambia.”

Sauti ya babu ilitoka chini ya kifuniko kama ya mtu aliye ndani ya pipa, na alisimama mara kwa mara kuvuta hewa.

“Kuacha kazi katikati si kosa kubwa,” alisema. “Mimi nimeacha kazi nyingi katikati. Mkono unachoka, muda unakwisha, ndivyo ilivyo. Ungeniambia bado, mtu mwingine angekwenda. Ningempigia baba yako. Ningempigia hata Pelto.”

“Usingempigia, babu.”

“Ningemeza aibu nikapiga. Angalau ningezima tanuri nikavaa makoti mawili.” Akavuta hewa. “Lakini uliposema tayari, uliwafunga watu wote mikono. Hakuna anayekwenda kufukua kitu kilichokwisha kufukuliwa. Unanielewa? Kazi iliyobaki haikutaka kuniua. Lile neno ndilo lililotaka.”

Lempi aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimshuka, naye hakuyafuta.

“Na mimi,” babu aliendelea, akimtazama mama sasa, “nilikichomoa king'ora kwa kuwa kilinisumbua. Kilikuwa kinasema kweli, sikutaka kuisikia. Kwa hiyo usilie peke yako, tumekosea wawili. Tofauti ni kwamba wewe uliirudia simu. Uliposema ukweli ulikuwa umechelewa, na ulikuwa unaona haya, na bado ukausema. Ndiyo maana niko hapa nawachosha.” Akafumba macho, akamwambia mama: “Dena, nunua betri.”

“Ziko kwenye mfuko wangu,” alisema mama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu Lempi aingie.

Babu alirudi nyumbani Jumapili. Usiku wa kuamkia Alhamisi iliyofuata theluji ilianguka tena, nzito, yenye maji. Mechi na Houghton ilikuwa imeahirishwa kwa wiki moja kwa sababu ya dhoruba, na kule kuchelewa mara mbili kulikuwa bado kumeandikwa kwenye kitabu cha kijani.

Lempi aliamka saa kumi na moja. Alifanya ngazi, njia ya gari, tuta la baba, paa. Uchochoro ukajaa. Vile vijiti vya rangi ya machungwa havikuwepo tena. Pelto alikuwa ameving'oa, na kwenye dirisha lake, alipomwona akitazama, alionyesha kwa kidole upande wake wa uchochoro. Lakini hata hivyo theluji ilikuwa nzito kama udongo, na saa ilikuwa moja na dakika kumi na mbili. Lempi aliingia ndani kunywa maji.

“Bomba?” babu aliuliza dirishani.

Mkoba ulikuwa mlangoni. Kwenye kona ya barabara, taa za basi zilikuwa zimeshaanza kuonekana.

“Bado, babu.”

Babu alizima tanuri, akalivuta blanketi mabegani. “Nakungoja,” alisema.

Basi lilisimama mbele ya nyumba, Marnie akagonga kioo na kumpungia aje, kisha likaondoka. Lempi alifukua mpaka ncha nyeupe ikatokeza, akaendelea kufukua mpaka pande zote za bomba zikawa wazi hatua mbili. Alirudi ndani akasema tayari. Babu aliwasha tanuri, na Lempi akatoka tena kusimama uchochoroni. Aliusubiri ule mvuke mpaka akauona.

Alikwenda shule kwa miguu. Alifika saa mbili na robo, kofia imeganda barafu. Bi Oja alikuwa amekifungua kitabu cha kijani mbele yake. Wote wawili walijua hiyo ni mara ya tatu, na kwamba Jumamosi golini atasimama mtoto mwingine.

“Sababu?” aliuliza Bi Oja, kalamu mkononi.

“Bomba.”

Bi Oja aliandika neno hilo taratibu kwenye mstari wake.

“Liko wazi?”

“Liko wazi.”

Hakuuliza tena. Alifunga kitabu. “Basi nenda darasani,” alisema.